Kwa nini kuchora sura ya mdoli kunazidi bei ya mdoli wenyewe

Wiki iliyopita mteja alituambia usoni kwamba sisi ni wezi. Alileta mdoli wa mitindo wa kawaida, ule wa urefu wa sentimita 29 hivi, akitaka sura mpya na nywele mpya. Alipotajiwa bei akauliza: "Mdoli nimeununua kwa robo ya hiyo, ninyi kazi yenu kuuchora tu, mnataka hela yote hiyo?" Si wa kwanza kusema hivyo, na neno hilo linatuuma, kwa hiyo leo tunalijibu kwa maandishi.

Sisi tunalipisha saa, na mdoli wa bei ya chini ndio unaokula saa nyingi. Kiwanda hushona nywele kuzunguka paji na kwenye njia ya kugawa nywele, utosini kukaachwa wazi. Ukigeuza mtindo kidogo, upara unachungulia. Mikono na miguu mara nyingi ni ya plastiki nyepesi iliyo tupu ndani, na rangi haishiki: unaipaka leo, mtoto anaukunja mguu kesho, inabanduka. Midoli mingine tukiifungua tunakuta gundi imejaa kichwani, na sindano haipiti mpaka tuichimbue kwa koleo kipande kwa kipande. Kushona nywele upya ni tundu kwa tundu, mamia ya matundu, na vidole vinavimba.

Sura nayo ina utaratibu wake. Kichwa kinalowekwa kwenye maji ya moto hadi kilainike, ndipo kinatoka shingoni. Rangi ya kiwandani tunaifuta kwa pamba yenye asetoni, kiyeyushi cha rangi, kidogo kidogo, halafu tunakiosha kwa sabuni. Tunapulizia vanishi isiyong'aa ili uso upate mkwaruzo, maana vinili, yaani plastiki inayonyumbulika ya kichwa, ikiwa tupu ni laini na penseli inateleza. Inafuata pasteli, chaki ya rangi ya kuparua, kwa kivuli cha mashavu, vanishi tena, penseli za rangi kwa nyusi na kope, vanishi tena, rangi ya akriliki kwenye mboni, na mwisho tone la vanishi inayong'aa machoni na midomoni. Kila tabaka lisubiri likauke. Jicho zima lina upana wa milimita chache, na mkono ukitetemeka unafuta hadi tabaka la chini. Vanishi yenyewe hatupulizii bila barakoa ya kuchuja mvuke.

Sasa njia za mkato, na hapa ndipo hela za wateja wetu zinapopotelea.

Inayoongoza ni rangi ya kucha. Inavutia kwa sababu ipo nyumbani, ina brashi yake na inang'aa. Lakini kiyeyushi chake kinaila vinili. Haikauki sawasawa, inabaki kunata na kudaka vumbi, na wekundu wake unazama ndani. Mama mmoja alituletea mdoli wa bintiye uliopakwa midomo hivyo. Tuliifuta rangi kwa dakika tano, doa likabaki. Ikabidi tupake krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, tufunge kwa plastiki na kuuanika juani siku baada ya siku, huku tukichungulia, maana krimu hiyohiyo ikizidi inafubaza ngozi ya mdoli. Kazi ya jioni moja ikawa ya wiki mbili, na ndiyo aliyoilipia.

Maka peni ni mbaya zaidi. Wino wake hautulii: unatembea ndani ya vinili, na nyusi ulizochora nyembamba utazikuta baada ya muda zimekuwa wingu la zambarau.

Asetoni nayo inahitaji adabu. Kijana mmoja, mtu makini kabisa, alikitumbukiza kichwa cha mdoli ndani ya chupa ya asetoni usiku kucha ili asipoteze muda kusugua. Kilipokauka kikawa kimesinyaa na kukakamaa, hakivai tena shingo yake. Na kama uso ni wa plastiki ngumu, hata kuufuta kwa pamba tu kunauyeyusha. Wengine huvuta kichwa kikavu, bila maji ya moto, kifundo cha shingo kikavunjikia ndani. Hicho tunakijenga upya kwa waya na gundi ya epoksi, na bei yake inauma. Spreyi ya nywele mahali pa vanishi? Inanata, na tone la maji linaiondoa pamoja na mchoro wote.

Tunachoomba ni kidogo. Leta mdoli kama ulivyo, hata ukiwa mchafu. Kama umeshaugusa, tuambie ulipaka nini na lini. Hatumcheki mtu, tunataka kujua pa kuanzia. Ukitaka kupunguza bei, acha nywele za kiwandani tuzinyooshe kwa maji ya moto, ufanyiwe sura peke yake. Hilo tunalifanya kwa moyo mmoja, na mara nyingi linatosha.

Yule mteja wa wiki iliyopita aliondoka na mdoli wake, akarudi baada ya siku mbili. Uko mezani, nyusi zimekamilika. Hewa leo ina unyevu mwingi, na vanishi ikipuliziwa hivi itaacha ukungu mweupe usoni, kwa hiyo tumempigia simu kumwomba asubiri hali ya hewa ikauke.