Jina la shahada si kipimo cha kazi ya fedha za makampuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ushauri ambao vijana wanaotamani kufanya kazi katika idara za fedha za makampuni hupewa mara kwa mara, kwamba watafute shahada yoyote yenye neno "fedha" katika jina lake na mengine yatajipa. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na mara nyingi nimekaa upande wa wanaosaili, hivyo naona ushauri huo una kasoro.

Kazi yenyewe, ukiivua vyeo vyake vikubwa, ina maswali machache: kampuni iwekeze wapi, mtaji utokane na mikopo au na wenye hisa, gawio liwe kiasi gani, na je, mwezi ujao zitakuwapo fedha za mishahara? Hakuna hata moja linalojibika bila kuzisoma hesabu na kuzielewa. Kampuni yaweza kutangaza faida nono na papo hapo ikashindwa kulipa mishahara, kwa sababu mauzo ya mkopo huandikwa kuwa mapato kabla mteja hajatoa chochote.

Katika usaili nilikuwa na swali moja nisiloliacha: kwa nini gharama ya uchakavu wa mitambo hujumlishwa tena kwenye faida tunapotafuta mtiririko wa fedha, yaani fedha halisi zinazoingia na kutoka? Wengi waliosomea fedha walinikaririria kanuni ya thamani ya sasa bila kukosea, na walijua kuwa 100 itakayopokelewa baada ya mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 10, ina thamani ya karibu 91 leo, lakini uchakavu uliwanyamazisha. Waliosomea uhasibu walijibu kabla sijamaliza kuuliza: uchakavu hupunguza faida vitabuni, ila siku hiyo hakuna fedha inayotoka, kwa kuwa mtambo ulinunuliwa zamani. (Wapo pia wahasibu waliokwama hapo, sitaki kuwapamba kupita kiasi.)

Ndiyo maana anayeniuliza humwambia aanze na uhasibu, kisha achague masomo ya fedha na takwimu kila anaporuhusiwa kuchagua. Atakapotaka cheti cha taaluma, ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, huweza kumsamehe baadhi ya mitihani kutegemea shahada aliyosoma, ilhali CFA, cheti cha wachambuzi wa fedha chenye ngazi tatu za mitihani, kimeegemea zaidi uchambuzi wa uwekezaji kuliko shughuli za ndani ya kampuni.

Uchumi nao nauheshimu. Mwaka 1958 wanauchumi Modigliani na Miller walionyesha kwamba, pasipokuwa na kodi wala gharama za kufilisika, thamani ya kampuni haibadiliki kwa kuchanganya mikopo na hisa namna hii au ile. Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa kuuliza mara moja kinachotokea masharti hayo yanapoondolewa, na hapo ndipo uamuzi wa kukopa huanzia. Upungufu wake ni kwamba anaweza kuhitimu bila kuwahi kufunga mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji wa kampuni. Hisabati na uhandisi pia hutoa watu hodari, mradi wakubali kujifunza hesabu za kampuni baadaye. Utawala wa biashara hugusa kila kitu kidogo kidogo, na kwa kazi hii kidogo hicho hakitoshi.

Lakini hata shahada mbili zenye jina moja hutofautiana kati ya chuo na chuo. Kabla ya kujaza fomu, mwombaji aombe orodha ya masomo ya miaka yote na aangalie uhasibu unafika mwaka wa ngapi. Ukikomea mwaka wa kwanza, na hakuna somo linalomtaka mwanafunzi achambue taarifa za fedha za kampuni halisi na kujenga makadirio yake mwenyewe kwenye Excel, fomu hiyo aiweke kando, hata kama jina la shahada linavutia.

Wako,
Mhasibu mstaafu