Barua kwa mwanangu: mita 150 kutoka nyumba ya watu

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Umeandika kwamba wewe na wenzako mtapanda treni Bergen, huko Norwei, mshuke Finse milimani mwezi wa saba, mlale kwenye mahema siku nne, kisha mwelekee visiwa vya Lofoten kaskazini. Umeuliza kibali cha kupiga kambi kinakatwa wapi. Hakikatwi popote. Huku kwetu kulala hifadhini kunaanzia getini, risiti mkononi. Norwei, pori hata likiwa na mwenyewe, kila mtu ana haki ya kulipita kwa miguu na kulala humo, mgeni kwa mwenyeji, bila kulipa. Desturi hiyo ni ya kale. Mwaka 1957 iliandikwa katika sheria iitwayo friluftsloven. Wageni wengi huijua sheria hiyo nusu ya kwanza tu, ile tamu.

Kabla ya kutua mizigo, jiulize: hapa ni utmark au innmark? Innmark ni ua wa nyumba, shamba, majani yanayokatwa kulisha mifugo, malisho yaliyotunzwa, miti michanga iliyopandwa. Hapo hampigi hema bila ruhusa ya mwenyewe, hata kwenye kijichaka kilichoachwa katikati ya shamba. Kupita kwa miguu kunaruhusiwa ardhi ikiwa imeganda au ina theluji, lakini si kati ya 30 Aprili na 14 Oktoba. Na ua wa nyumba haupitwi wakati wowote. Yale majani marefu mtakayoyaona kama kiwanja cha kupigia hema ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa baridi, na yakishalazwa hayakatiki vizuri. Utmark ni kwingine kote: msitu, mlima, kinamasi, ufuko usio na nyumba. Ramani ya Norgeskart itakusaidia: njano ni shamba, kijani ni msitu.

Mkiwa utmark, hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda chenye watu. Ni kama hatua 200 za mtu mzima, basi zihesabuni, maana jioni kila mtu huona amefika mbali. Mahali pamoja mnakaa siku mbili. Zaidi ya hapo mwombeni mwenye ardhi, isipokuwa milimani juu au mbali sana na makazi. Mwenye ardhi anaweza kumfukuza anayeharibu au kusumbua, na sheria iko upande wake.

Mtakutana na vibao vya “Privat vei”, yaani barabara ya binafsi. Msigeuze njia. Kwa kawaida kibao hicho kinazuia magari, si miguu, na mwenye ardhi haruhusiwi kuweka kibao cha kumzuia mtu asipite mahali anaporuhusiwa na sheria. Lango la uzio mliache kama mlivyolikuta: likiwa limefungwa lifungeni, likiwa wazi liacheni wazi, maana huenda kondoo wanalitegemea kufikia maji.

Gari ni habari nyingine. Haki hii ni ya miguu, baiskeli ya njiani, farasi, na mtumbwi. Kuingiza gari porini kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1977, na kulipia maegesho pale njia za mlimani zinapoanzia ni jambo la kawaida. Lipeni.

Sasa moto, ambao ndio unaowaponza wengi. Kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba ni marufuku kuwasha moto msituni au karibu na msitu, isipokuwa mahali ambapo ni wazi kabisa hauwezi kusambaa, au pale palipotengwa na kuidhinishwa. Msiuwashe juu ya mwamba mtupu: jiwe hupasuka kwa joto na alama haifutiki. Msiuwashe juu ya udongo mweusi wa mboji wala mizizi, kwa sababu moto huingia chini na kuibuka baadaye mahali pengine, nyie mkiwa mmeshaondoka. Karatasi za choo pia msizichome; zitieni kwenye mfuko mrudi nazo. Finse haina miti, iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bebeni jiko la gesi na mlisimamishe juu ya changarawe. Ukitangazwa ukame na halmashauri ikapiga marufuku moto wote, hilo nalo lizimwe. Na mkienda Lofoten kwa ndege, mtungi wa gesi haupandi ndegeni, hata kwenye mzigo wa chini. Nunueni mwingine mkishatua.

Finse hiyohiyo mwezi wa saba bado ina mabaka ya theluji. Udongo ni mwembamba, vigingi vinagonga mwamba, basi fungeni kamba za hema kwenye mawe mazito na asubuhi myarudishe yalipokuwa. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo. Msilale kwenye kibonde chenye majani laini, wala kando kabisa ya kijito cha theluji: maji yake huwa machache alfajiri na hupanda jioni baada ya jua kuyeyusha theluji. Maji ya kunywa tekeni yanayokwenda kasi, kisha tazameni juu ya mkondo kama hakuna kondoo. Shimo la choo lichimbwe mbali na maji na njia, kina cha kiganja kizima.

Lofoten imeelemewa na wageni, na baadhi ya halmashauri zimepiga marufuku mahema kwenye fukwe kadhaa. Ukiona “Telting forbudt”, yaani ni marufuku kupiga hema, mita 150 hazikusaidii. Tafuteni kambi ya kulipia. Huko hadi karibu katikati ya mwezi wa saba jua halizami kabisa, basi chukua kitambaa cha kufunika macho. Baharini mnavua kwa ndoano bila kulipa, ila kwenye mito na maziwa nunueni kwanza kadi iitwayo fiskekort. Matunda madogo ya buluu yaitwayo blåbær chumeni mtakavyo. Yale ya rangi ya chungwa, multe, huko kaskazini mwenye ardhi anaweza kuyazuia yasichumwe, lakini kuyala papo hapo hakukatazwi.

Mkivuka kwenda Uswidi, hakuna mita 150 za kupima, bali wanakutaka usimsumbue mtu na usiharibu kitu, na usiku mmoja au miwili unatosha. Ufini hamkoki moto kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake.

Kabla hamjatoka Bergen nitumie njia mtakayopita na siku ya kurudi, na umwachie hayo pia mtu mmoja hapo chuoni, kwa sababu milimani mtandao hukatika. Polisi ni 112, zimamoto 110, gari la wagonjwa 113. Mama yako anauliza kama una soksi za sufu. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Baba yako