Mzee, mwani na chupa ya chai

Njombe,
14 Septemba 2025

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwanza. Sisi hatujambo, baridi imeanza kulegea, viazi viko ardhini. Wewe na joto la Muscat mnaendeleaje? Shemeji naye? Haya, salamu zimeisha, maana nikizirefusha utajua kuna jambo.

Kuna jambo. Tena ni mawili, na la pili nitalisema baadaye, ukiwa umeshacheka kidogo.

Najua umeninunia. Tangu Juni nimekutumia picha nne na "asante sana shoga", basi. Mtu kakupa nyumba ya marehemu mama yake wiki nzima, mashuka, vyombo, mpaka mtungi wa gesi uliojaa, halafu unampotea kama mdaiwa. Kila siku nasema kesho nitamsimulia vizuri. Na sauti siwezi kukutumia. Nyumba yetu unaijua, chumba na chumba ni ubao mmoja, na Mzee siku hizi masikio yanazibuka ghafla kila likitajwa jina la Jambiani. Ndiyo maana naandika kwa mkono kama enzi za chuo. Nitazipiga picha karatasi nikutumie. Ukishasoma, futa.

Zuhura, Mzee anataka kurudi. Peke yake.

Ngoja nianze mbali kidogo. Unakumbuka jinsi alivyokuwa. Tangu tumzike Mama, mwaka 2022, Baba alibaki mtu wa "ndiyo", "hapana" na "fungeni mlango". Kumchukua likizo ilikuwa fikra ya Baba Neema, mimi sikutaka. Nilijua atakaa barazani kwako amekunja uso, akiuliza kila asubuhi tunaondoka lini.

Safari yenyewe sitakuchosha. Basi, Kitonga, tembo wawili pale Mikumi ambao Faraja hakuwaona kwa sababu alikuwa amelala, na mpaka leo anadai tulimficha makusudi. Usiku mmoja kwa Osmundi Dar. Botini Baba Neema, ambaye wiki nzima alitufundisha namna ya kutafuna tangawizi ili tusichefukwe, ndiye pekee aliyetapika. Mzee alikalia kiroba chake cha viazi kama kuku anayeatamia, ndoo ya parachichi iko katikati ya miguu, na akakataa katakata kukiacha mizigoni. "Mtu haendi ugenini mikono mitupu." Tulifika kwako Jumatatu jioni, tarehe 9, siku mbili baada ya Sikukuu Kubwa, na Bi Mize alikuwa ametuwekea nyama na mkate wa kumimina. Mzee akampa kiroba. Bi Mize akafungua, akatoa kiazi kimoja, akakipima mkononi, akasema, "Hiki kiazi au jiwe?" Na Mzee akacheka. Zuhura, nilikuwa sijamsikia akicheka miaka mitatu. Nilidhani amepaliwa.

Jioni ile maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya minazi. Asubuhi tukaamka bahari hakuna. Mchanga tu, majani, madimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali kwenye mwamba. Wewe umezaliwa hapo, huwezi kujua inavyomshtua mtu wa bara. Mzee alisimama mlangoni na fulana yake ya kulalia, akatazama muda mrefu, akaniuliza, "Wameifungulia wapi?" Kama vile bahari ni bwawa la kiwanda cha chai.

Kisha akawaona wale wanawake. Wameinama katikati ya bahari, na kanga zao, safu kwa safu. Akakunja suruali, akashuka. Nikafikiri anakwenda kuona tu mara moja. Alirudi saa saba mchana, amelowa mpaka kiunoni, ngozi ya vidole imenyauka, njaa inamuuma, na anaongea. Anaongea! Alitusimulia mwani kuanzia sahani ya kwanza ya wali mpaka ya pili. Kwamba vigingi unavipigilia mchangani, unavuta kamba kati yake, vipande vya mbegu unavifunga na tai-tai, vile vikamba vidogo, kimoja kimoja kwa mkono. Kwamba hakuna kupalilia kama mahindi, hakuna mbolea, hakuna kusubiri mvua, na ndani ya wiki sita hivi unavuna. Kwamba mbegu ya kwanza ililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo kikaanza mwaka 1989 upande ule ule wa Paje na Jambiani, na Bi Mize alikuwepo, msichana tu. Kwamba unaanikwa juani, ukikauka unabaki kidogo mno, "kama jani la chai, mwanangu, kama jani la chai tu!" Baba Neema akauliza unaliwa? Mzee akamjibu kwa madaha ya mtu aliyezaliwa Unguja kwamba unasafirishwa ng'ambo, humo hutolewa ute wa kugandishia vyakula na dawa ya meno. Aliyajua yote hayo kwa asubuhi moja. Mimi kunifundisha kuendesha baiskeli kulimshinda.

Basi likizo yetu ikawa mbili. Sisi wanne tulikuwa watalii. Tulikwenda Jozani kuwaona kima punju, na yule mmoja aliyemkalia Faraja karibu kabisa akimkodolea macho bado anaigizwa hapa nyumbani kila jioni. Tulikwenda Changuu kwa wale kobe, wazee wao walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na Neema akasoma namba zilizoandikwa magambani akapiga hesabu nani angekuwa darasa moja na babu. Akaiona na ile jela iliyojengwa isifunge mfungwa, ikaishia kuwa karantini. Swali lake lilikuwa kama fedha zilirudishwa. Forodhani tulikula urojo mpaka tumbo likawa ngoma. Mzee hakuwepo hata siku moja. Tukimwambia twende, anajibu, "Maji yakipwa saa nne nitakuwa wapi mimi?" Kobe wa miaka mia, anasema, hawana haraka, atawaona siku nyingine.

Siku nyingine! Tayari alikuwa anapanga, mimi sikusikia.

Nisimseme vibaya. Kuna kitu nilikiona kule ambacho sijamwambia mtu. Siku moja niliwapelekea maji, nikamkuta Mzee na Bi Mize wamekaa juu ya viroba vya mwani, kila mtu anafunga kamba yake, hawaongei. Bi Mize alikuwa amemweleza habari za ile kotonii, mwani mnene wenye bei, kwamba zamani ulistawi hapo hapo karibu na pwani, kisha maji yakawa ya moto, ukawa unaoza kwenye kamba, sasa wanabaki na huu mwembamba usio na bei. Mzee aliuliza kilo kavu inauzwaje. Aliposikia alinyamaza kabisa. Akaendelea kufunga. Baadaye akaniambia, "Hawa mama wanaibiwa kama sisi tulivyoibiwa kwenye viazi," na akatema mate. Ndivyo anavyozungumza mtu akiwa na watu wake.

Sasa hapa nyumbani. Alirudi na mwani mbichi ndani ya taulo langu, ameulowesha maji ya bahari, akaubeba mapajani mpaka Njombe. Akaweka ndoo nyuma ya jiko, akatia maji, akatia chumvi pakiti mbili, akafunga kamba kwenye vijiti. Siku ya nne majirani walikuja kuuliza kama kuna kitu kimekufa. Akampigia Bi Mize simu kulalamika, na nilimsikia mwenyewe yule mama, maana Mzee anaweka spika, akicheka: "Mzee wangu, chumvi ya dukani si bahari!" Mzee wangu. Dada Eliza alipoisikia hiyo aliweka kikombe chini.

Simu hiyo ikazaa nyingine. Sasa ni kila siku ya pili, na kila usiku anatoka na blanketi kutazama mwezi ili atutangazie bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu, yakisogea kidogo tu, sisi tulio zaidi ya kilomita mia nne kutoka bahari. Jumapili iliyopita mwezi ulipopatwa, ukawa mwekundu kama udongo wa huku, alipiga simu papo hapo kuuliza maji yatafanya nini. Akapokea mjukuu, akamwambia Bibi yuko kwenye sala ya kupatwa kwa mwezi, apige baadaye. Akakaa nje na baridi ile, simu mkononi, karibu saa nzima. Nyie huko Muscat mliuona?

Eliza ameshaongea na mchungaji. Si kwamba kuna cha kuongea, anasema ni tahadhari, mzee wa usharika hawezi kuwa na siri. Anaogopa atabadili dini. Osmundi anaogopa shamba la parachichi. Mimi, nikuambie ukweli, sijui ninachoogopa. Kuna siku namwangalia akipiga mluzi huku ananoa jembe, nasema Mungu ashukuriwe. Kesho yake naliona sweta la Mama bado linaning'inia nyuma ya mlango wake na nachukia mluzi wote. Halafu

Nimeitwa, nimerudi. Alikuwa anatafuta miwani, iko kichwani.

Nilikuwa nasema: anataka nikuombe nyumba tena, mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya mwani. Akasema ni kwa ajili ya mwani. Lakini Zuhura, nilikuwepo Bi Mize alipomwambia kwamba kaskazi ikishaanza na maji yakapata moto mwani unakufa, wengi wanapumzika. Na yeye alikuwepo, tena aliuliza mara mbili. Sasa Desemba anakwenda kulima nini?

Haya. Umecheka? Basi sikiliza jambo la pili.

Ile Alhamisi tuliwapelekea chai shambani, mimi na watoto na Baba Neema. Niliona vikombe vya plastiki havina heshima, nikachukua chupa ya chai ya marehemu mama yako, ile kubwa ya maua, iliyokuwa juu ya kabati. Najua. Najua! Nikaiweka juu ya fungu la mchanga palipoinuka, pakavu kabisa. Tukanywa, tukapiga picha (mojawapo ya zile nne, ukiikuza utaiona chupa, ndiyo maana sikukutumia nyingine). Kisha maji yakaanza kurudi. Mimi nilitegemea yatakuja kwa mbele, kutoka mwambani, kama kwenye picha. Kumbe yanaingia kwanza kwa nyuma, kwenye mkondo, kati yako na nchi kavu. Bi Mize akapiga kelele tutoke. Wanawake wote wakatoka. Mzee amebakiza mstari mmoja, "huu tu, huu tu", na Neema ameng'ang'ania kumshikia kamba. Tulipofika mkondoni maji yalikuwa kifuani kwa Faraja. Baba Neema akampakia mabegani, mimi nikamshika Neema, Bi Mize akarudi ndani ya maji akamkamata Mzee kwa mkono kama mtoto wa shule, na ndipo nilipogeuka.

Chupa ilikuwa inaelea. Wima, kifuniko juu, imetulia kama bata, inasukumwa na kusi kuelekea Paje.

Hatukuweza kurudi. Jioni tulitembea ufukweni mpaka giza, Ijumaa tena. Nilimuuliza kila mtoto niliyekutana naye. Bi Mize alisema, "Bahari nayo imetaka chai," na akaniapia hatakuambia, nimwachie niseme mwenyewe. Nimechukua miezi mitatu. Inawezekana keshakuambia, na wewe umenyamaza ukinisubiri, na kama ndivyo basi nastahili. Najua ni chupa tu na najua si chupa tu. Mama yako aliponiletea uji nikiwa naumwa kule hosteli, uji ulikuwa ndani ya hiyo hiyo.

Kwa hiyo nakuomba radhi, na kwenye karatasi hiyo hiyo nakuomba nyumba. Uso sina.

Mpigie Bi Mize, shoga. Usimuulize moja kwa moja, ulizia viazi kwanza. Je, anamwita kila mtu "Mzee wangu", au ni huyu tu? Watoto wake wanasemaje? Yule mkubwa wa Makunduchi bado ni mkali? Kuna mtu mwingine anayemposa? Na kama hakuna kitu kabisa, ni mwani tupu, nimwambieje Mzee bila kumvunja? Na kama kipo, wewe ungekuwa mimi ungemficha Eliza mpaka lini? Nyumba itakuwa wazi Desemba au unakuja likizo? Ukija, je, sisi tuje pia, tukae sote, au nitakuwa nimeharibu?

Leo maji mafu, Mzee kashatangaza. Kesho kutwa nina safari ya Makambako, kuna duka lina chupa zile za zamani. Niambie tu, maua yalikuwa mekundu au ya waridi? Kwenye picha jua linayafuta.

Wako,
Mama Neema