Urefu pekee hautoshi kumchagua mchezaji wa vikapu

Mhariri,

Kwenye majaribio ya chipukizi wa mpira wa vikapu, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, mrefu huitwa mbele kabla hajagusa mpira. Urefu una faida, hakuna anayebisha. Ringi iko mita 3.05 na haimshukii mtu. (Ingawa hata hapo wengi husahau kupima mikono iliyonyooshwa kando, na ndiyo inayozuia pasi.) Ila mchezo huu ni wa kukimbia, kufunga breki na kugeuka, na huko macho ya makocha wengi hayafiki.

Kijana na aanzie mstari wa nyuma, akimbie kwa kasi yake yote kuelekea mstari wa kati, mita 14, kisha kipenga kilie ghafla, asimame na kugeuka. Aliyeiva hushusha nyonga, hupanua miguu na kutulia kwa hatua mbili tatu fupi. Anayesimama wima kama mlingoti hufika hatua ya tano mwili ungali unakwenda. Akiwa ameushika mpira bila kuudunda, ataadhibiwa kwa kutembea nao. Arudie mara nne, mbili akigeukia kushoto na mbili kulia, maana wengi wana upande mmoja tu. Na uwanja ufagiwe kwanza. Saruji yenye vumbi na viatu vilivyolika soli humtelezesha hata mwepesi, kocha akaishia kupima vumbi.

Kutua ndiko kunakofichua mengi. Ashuke kwa miguu yote miwili kutoka benchi la sentimita 30, kisha aruke juu papo hapo, kocha akimtazama kutoka mbele. Magoti yakikaribiana yanapobeba uzito, kano za ndani ya goti zimo hatarini, hasa kwa wasichana. Mara nyingi chanzo ni misuli dhaifu ya nyonga na makalio, au kutofundishwa kutua. Hayo hurekebishwa kwa mazoezi, kwa hivyo si sababu ya kumtema. Ni sababu ya kutomchezesha mechi mbili kwa siku.

Upande wa ujuzi, adunde mpira kwa mkono dhaifu uwanja mzima, mita 28, huku akitaja idadi ya vidole anavyoonyeshwa. Akiukodolea mpira, hatamwona mwenzake aliye wazi. Akirusha, zisihesabiwe zilizoingia tu. Mpira unaopungukia mbele ya ringi huashiria miguu iliyochoka au isiyotumika. Unaokwenda kando huashiria kasoro ya kiwiko au kiganja, na hiyo huchukua muda kuinyoosha. Mtoto wa miaka 11 anayerusha mpira namba 7, ule mkubwa wa wanaume, kutoka kiunoni hana kosa: apewe namba 5, ulio mdogo na mwepesi.

Wavulana hurefuka kwa kasi karibu na miaka 13 au 14, wasichana miaka miwili mapema, na kwa miezi kadhaa miguu huwa kama ya kuazima. Naye aliyeota ndevu akiwa na miaka 14 huwasukuma wenzake leo, lakini huenda wakamfikia. Wapimwe tena baada ya miezi sita, matokeo yakiandikwa daftarini. Na anayetoka Kisumu, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, akijaribiwa Nakuru palipo zaidi ya 1,800, asihukumiwe kwa pumzi siku ya kwanza.

Mpenzi wa vikapu,
Kisumu