Vijarida vyenu havina tarehe

Mhariri,

Nachapa katika Barabara ya Kirinyaga tangu enzi ambazo kadi za harusi na vitabu vya risiti ndivyo vilivyotulisha. Siku hizi wateja wanaonifurahisha zaidi ni vijana wa vijarida. Wanakuja wawili watatu na flashi, wanataka nakala hamsini za mashairi, michoro na maneno makali kuhusu ushuru. Hela huwa hazitoshi. Nawafundisha hesabu ya kukunja: karatasi 4 za A4 zinatoa kurasa 16, kwa hivyo ukiniletea 17 umeniletea matata. Wanabishana, shairi moja linapunguzwa, tunapiga pini mbili mgongoni, na jioni wanaondoka kwenda kuuza.

Lalamiko langu ni moja tu: hawaandiki tarehe.

Juzi nilipokuwa nikipanga stoo niliokota kimoja chenye jalada jekundu. Ndani mna matatu iliyochorwa kwa kalamu ya wino na shairi la mama anayesubiri nje ya mochari. Ni kazi ya kwangu, pini zangu nazijua. Lakini ni cha maandamano ya 2023 au ya Juni 2024? Nilikigeuza mbele nyuma, nikashindwa kusema. Na mimi ndiye niliyekichapa!

Kutoandika majina naelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1986 watu walifungwa kwa kukutwa na karatasi za Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Mwaka 1988 jarida la Beyond liliandika kuhusu uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupiga kura kwa kupanga foleni, likapigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akatupwa jela. Hata 2002, tukiwa tayari na vyama vingi, dhamana ya kuchapisha gazeti ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1. Ni kijana gani wa vijarida ana milioni? Basi fichani majina. Lakini mwezi na mwaka havimpeleki mtu korokoroni.

Jarida la Joe, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, linatuonyesha Nairobi ya wakati huo ilikuwa ikicheka nini. Jarida la fasihi la Kwani? lilitoa matoleo mawili kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na anayetaka kujua tulivyosemezana wakati ule ana pa kuanzia. Hivi vyenu vya pini mbili vitaanziwa wapi?

Lawama si ya vijana peke yao. Nilibeba vijarida kumi na kitu hadi maktaba moja hapa mjini, nikitaka kuwapa bure. Karani aliniuliza ISBN, ile nambari ya kutambulisha kitabu, iko wapi. Nikamwambia hakuna. Akavirudisha juu ya kaunta kwa vidole viwili, kama anayerudisha noti iliyochanika. Mimi sikuomba rafu ya vitabu, mhariri. Boksi moja la karatasi za fotokopi lingetosha, liandikwe mwaka ubavuni na kufunikwa mende wasiingie.

Mpaka maktaba watakapopata boksi, langu liko chini ya meza ya kukatia, na kila kazi inaacha nakala moja humo. Na kuanzia mwezi huu, asiyeandika tarehe nitampigia muhuri wangu wa risiti nyuma ya jalada, atake asitake. Wino ni wa bluu na hautoki.

Mchapaji,
Barabara ya Kirinyaga, Nairobi