Mafundi, kagueni waya kabla ya kufuta kompyuta zetu

Kwa Mhariri,

Nipe nafasi gazetini mwako niseme na mafundi wa kompyuta na wauzaji wa vipakatalishi hapa Nairobi, kwa sababu mwezi uliopita nusura nipoteze kazi ya miaka minne kwa ajili ya waya wa Sh400.

Mimi ni mshonaji, Kayole. Nashona sare za shule na nina wasichana sita ninaowafunza ufundi. Zamani michoro ya kukatia nguo nilikuwa nachora kwenye karatasi za khaki, nazikunja na kuzitia guniani chini ya meza. Panya wakala kola mbili na mkono wa shati, nikaona sasa basi. Nikanunua kipakatalishi cha mtumba, zile mashine tunazoita ex-UK. Ni ThinkPad T440, chuma kizito lakini imara. Mtoto wa kaka yangu aliniwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kwa kuchorea akanipa Inkscape, programu isiyouzwa wala isiyodai malipo ya kila mwezi. Leo nina michoro ya shule tisa, kuanzia rinda la mtoto wa PP1 hadi suruali ya kijana wa sekondari.

Taabu ni skrini. Ni ya inchi 14, na sisi tuko saba. Kila mmoja anataka kuona pale kola inapoanza kupinda, basi vichwa vinagongana, aliye nyuma haoni kitu, anaitikia tu. Zamu yangu ya chama ilipofika nikanunua runinga ya inchi 43, nikaitundika ukutani juu ya meza ya kukatia. Nilitaka kuunganisha kompyuta na runinga ili wote wasome mchoro mmoja kwa wakati mmoja.

Nikaenda duka moja katikati ya jiji na mashine yangu mkononi. Muuzaji akaigeuza, akaona tundu la VGA, lile pana lenye vishimo 15, akanipa waya wenye kichwa cha VGA upande huu na cha HDMI, kile kinachoingia kwenye runinga, upande ule. Sh400. Nikafika nyumbani, nikachomeka, runinga ikaandika kwamba haipati mawimbi yoyote. Nikachomoa, nikarudisha, nikawasha upya vyote viwili. Hakuna kitu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hakuuliza nimetumia waya gani. Aliwasha mashine, akaona ile alama ya kijani ya Mint, akaniambia, “Mama, hii Linux haiongei na TV. Wacha niifute nikuwekee Windows, ni Sh1,500 tu.”

Pochi nilikuwa nimeshaifungua. Nashukuru nilipata wazo la kumpigia kwanza mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko Kisumu. Aliuliza jambo moja tu, “Shangazi, una nakala ya ile michoro mahali pengine?” Nikamwambia sina. “Basi funga mashine urudi nayo nyumbani. Asiiguse.”

Usiku huo tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, na aliyonifundisha ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Alinifungulisha dirisha la kuandikia amri, akaniambia niandike neno moja, xrandr. Likatoka orodha ya matundu yote ya picha ya mashine, kila moja na hali yake. Skrini yake yenyewe ilikuwa imeunganishwa. Pale VGA-1, ambapo waya wangu ulikuwa umechomekwa vizuri kabisa, paliandikwa kwamba hakuna kilichounganishwa. Yaani mashine ilikuwa inasema waziwazi kwamba upande ule haioni runinga yoyote. Siku mbili ilikuwa na jibu hilo, na hakuna aliyeiuliza.

Akanieleza sababu. VGA ni njia ya mwaka 1987. Hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka, njia ya analogi. HDMI, iliyoanza mwaka 2002, hupeleka picha kwa tarakimu, yaani kidijitali, pamoja na sauti. Waya mtupu hauwezi kutafsiri lugha moja kuwa nyingine. Panahitajika kifaa chenye chipu ya kubadilisha, na mara nyingi kifaa hicho nacho hutaka umeme wake kupitia USB. Waya wangu haukuwa na chipu yoyote. Ulikuwa vichwa viwili na shaba katikati.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo moyo unaponiuma. Ningelipa zile Sh1,500, michoro ya shule tisa ingefutwa, na runinga ingebaki vilevile bila picha, kwa kuwa hata Windows haiwezi kupitisha picha katika waya usiotafsiri. Sijui fundi angesema nini baada ya hapo. Labda angesema runinga ndiyo mbovu.

Kumbe T440 ina tundu jingine dogo la picha, mini DisplayPort, nalo ni la kidijitali kama HDMI, ambalo muuzaji wa kwanza hakulitazama. Nikashuka Barabara ya Luthuli, mjini, nikampata dada mmoja mwenye kibanda cha nyaya. Alichukua mashine yangu, akachomeka adapta ndogo yenye mkia, akaiunganisha na runinga yake ya dukani, akasubiri picha itokee ndipo akataja bei. Sh700. Nililipa nikiwa nimeona kwa macho yangu. Hivyo ndivyo biashara inavyotakiwa kuwa, na ninamwombea heri popote asomapo barua hii.

Nyumbani picha ilitokea kabla sijaachia waya mkononi. Nikaandika tena lile neno, safari hii nikaona HDMI-2, jina ambalo mashine hulipa tundu lile dogo likiwa na adapta, imeunganishwa, na chini yake ukubwa wote wa picha ambao runinga yangu inaukubali, wa kwanza ukiwa nukta 1920 kwa 1080. Sikuwa nimeiambia kompyuta chochote kuhusu runinga hiyo. Runinga hujitambulisha yenyewe kupitia waya uleule, ikisema mimi ni nani na ninaweza picha ya ukubwa gani.

Lakini yalibaki mambo, na moja lilinigharimu kitambaa. Mimi huchora rula pembeni mwa kila mchoro, sifuri ikiwa kwenye kona ya chini kushoto. Siku ya kwanza tulifungua mchoro wa kola ukajaa runinga nzima. Binti mmoja akahesabu vistari kutoka ukingoni, akapata vitano, akakata kola ya upana wa sentimita 5. Kola ile ni ya sentimita 7. Nikamwuliza kwa nini, akaniambia, “Mwalimu, hesabu na wewe.” Nikahesabu. Vitano! Runinga ilikuwa imekata kingo za mchoro, na upande wa sifuri zilikuwa zimepotea sentimita 2, kola na rula pamoja, kwa hiyo hakuna kilichoonekana kama kimepungua. Hata saa iliyo kwenye pembe ya kompyuta ilikuwa imeliwa nusu. Nikamwomba yule binti radhi mbele ya wenzake, maana alikuwa amesoma sawasawa alichoonyeshwa.

Nilitaka kuamini kwamba labda fundi alisema kweli kuhusu Linux. Sivyo. Hiyo ni tabia ya runinga tangu zile za zamani zenye mgongo mnene. Picha zake kingoni hazikuwa na mpaka safi, basi watengenezaji wakawa wanaikuza kidogo ili kingo zijifiche nyuma ya fremu. Runinga za leo hazina haja hiyo, ila nyingi bado hufanya hivyo hadi ziambiwe ziache. Dawa iko kwenye rimoti. Ingia katika mipangilio ya picha, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, uchague ile isiyokuza. Kwenye runinga nyingine imeandikwa “Just Scan”, kwenye nyingine “Screen Fit”, kila kampuni na jina lake. Nilipobonyeza, picha ilisinyaa kidogo tu, na sifuri ikatokea kwenye kona yake. Wasichana walipiga makofi. Siku hizi, kabla ya kukata chochote, mmoja wao lazima aguse sifuri kwenye kioo kwa kidole.

Sauti nayo ilikuwa bado inatoka kwenye kompyuta. Hilo ni la dakika moja. Ingia mipangilio ya sauti, badilisha pa kutolea kutoka spika za ndani kwenda HDMI.

Ninalopenda kuliko yote ni kwamba runinga si lazima irudie kila kilicho kwenye kompyuta. Katika mipangilio ya skrini unaweza kuchagua irudie, au iwe nyongeza ya skrini yako. Mimi nimeifanya nyongeza, iko kulia kwa skrini ndogo. Mchoro nausukuma kwa kipanya hadi unavuka na kutokea ukutani, na kwenye skrini ndogo nabaki na daftari la wateja. Humo mna vipimo vya watu, kiuno cha mama fulani, kifua cha mwalimu fulani, na deni la nani bado. Hayo mteja ameniachia mimi peke yangu. Nisingeweza kufundishia kwenye runinga kama yangelazimika kuonekana ukutani.

Sasa nirudi kwa mafundi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri wa T440 yangu hazimo katika zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Mashine hizo zimejaa mjini. Ziko kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa wachapishaji wa kadi za harusi, katika ofisi za makanisa. Wengine watazitupa, ila wengi hawana uwezo wa kutupa, na Linux ni njia halali ya kuendelea kuzitumia zikipata masasisho. Watakuja kwenu wakiwa na maswali kama yangu. Mkiwaambia kila tatizo ni Linux, mtakuwa mnawafutia watu kazi zao ili kurekebisha waya.

Wala si mfumo mgeni kwetu kama wanavyouonyesha. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ni kweli, lakini Mint ninayotumia imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Hata jina lenyewe ni neno la ndugu zetu Wazulu na Waxhosa. Litamke polepole utasikia utu ndani yake.

Ninawaomba wauzaji wa mashine za mtumba waandike kwenye kibandiko cha bei mashine ina matundu gani ya picha. Tayari mnaandika RAM na diski. Ongezeni mstari mmoja, kwamba hii ina HDMI, hii ina DisplayPort, hii itahitaji adapta. Mnunuzi atajua tangu dukani kwamba ana Sh700 nyingine ya kutenga. Na msituuzie waya wa VGA kwa HDMI usio na chipu kwa ajili ya kompyuta na runinga, kwa sababu mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba hautaleta picha.

Mafundi nao nawaomba utaratibu mfupi. Jaribu waya mwingine. Jaribu tundu jingine. Hakikisha runinga imewekwa kwenye HDMI ile uliyochomeka, si ya pili yake. Iulize mashine inaona nini. Yote hayo ni dakika kumi, na nitayalipia kwa moyo mweupe kama kazi, maana kukagua ni kazi. Mimi mteja akiniletea koti linalombana kwapani sifumui koti zima. Naligeuza ndani nje, natafuta mshono. Na ikibidi kufuta, mwulize kwanza mwenye mashine kama ana nakala, umsubiri ajibu. Mimi tangu siku ile nina flashi mbili, moja inakaa dukani na nyingine nyumbani kwenye kabati la vyombo.

Nawe Mhariri, nina ombi kwako. Nilichoelezwa kwa saa nzima kwenye simu kingetosha nusu ukurasa wa gazeti lako, kwa Kiswahili, pamoja na picha za yale matundu manne, VGA, HDMI, DisplayPort na mini DisplayPort, kila moja kwa ukubwa wake halisi ili mtu aweke gazeti kando ya mashine yake alinganishe. Mkichapisha, wasichana wangu watalikata ukurasa huo kwa mkasi mzuri na kulibandika chini ya runinga, pale waya unapoingilia.

Mshonaji,
Kayole, Nairobi