KUH: Matairi ya gokati yaliyokauka, na lugha ya mfanyakazi wenu

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

Matairi ya gokati (gari dogo la mbio) niliyouziwa dukani kwenu Darajani yameandikwa mapya kwenye risiti, lakini mpira wake umekauka. Ukiyabonyeza kwa ukucha hapabaki alama. Tairi laini la mbio likikaa kwenye joto huwa gumu hata kabla halijagusa lami, na yenu nimeyaona kwa macho yangu yamerundikwa dirishani, jua linayapiga, nailoni imechanika. Kwenye kona gari linaserereka tu, halishiki.

Hilo ningelivumilia. Niliyarudisha kwa adabu, nikamwambia kijana wenu wa kaunta abonyeze mwenyewe. Hakubonyeza. Akanitazama juu chini, akasema: "Mzee mzima unagombania matairi ya vigari vya watoto?" Wateja wakacheka.

Na siku ya kuyafunga, kabla ya hayo, fundi wenu aliyajaza upepo psi 30, kama anajaza teksi. Nikamwambia gokati inataka psi 10 hadi 14 tairi likiwa baridi, maana likishapata moto upepo unapanda wenyewe. Akasema ndivyo wanavyojaza siku zote. Tairi likijazwa hivyo huvimba, likakanyaga kwa katikati tu na kulika hapohapo. Tena moja kalifunga mshale wa kuonyesha linakozunguka unatazama nyuma! Mshale wenyewe umeinuka ubavuni, hata ukipapasa kwa kidole unaupata.

Naomba mnibadilishie yote manne, kwa yaliyowekwa kivulini, na mnirejeshee pesa ya fundi.

Ila kila nikikumbuka, damu inanichemka. Nimesimama na tairi mkononi, mwanangu yuko pembeni yangu, na yule kijana hata simu hakuiweka chini. "Mzee mzima." Bibi mmoja aliyekuja kununua betri akajiziba mdomo kwa mtandio asionekane anacheka. Njiani mtoto akaniuliza, "Baba, mbona hukumjibu?"

Basi kubadilishiwa sitaki tena. Nataka pesa zangu zote, na kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakisikia, si kwa simu. Ijumaa baada ya sala nitakuja mwenyewe. Nikizungushwa, matairi, risiti na picha za dirisha lenu vitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara siku ya Jumatatu, na wenzangu wa gokati wataagiza Dar es Salaam.

Wasalaam,
Mteja wenu, mpaka Ijumaa